Insha Isiyokuwa na Jua

Nchi yetu sitaitaja kwa jina, na wala msidhani naogopa. Jina lake rasmi lina maneno kumi na manne, kibali cha kulitumia hadharani huchukua miezi mitatu, na habari yangu haiwezi kusubiri. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye bendera, wimbo na mawaziri thelathini na wawili, na kwamba mimi nimeitumikia miaka kumi na tisa nikiwa karani wa masijala katika Wizara ya Elimu na Ufasaha. Kazi yangu ni kufungua bahasha, kugonga mhuri wa "Imepokelewa" na kupeleka karatasi panapohusika. Mkono wangu wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto kwa ajili ya taifa.

Jambo la kwanza mgeni analopaswa kulijua ni kwamba sisi tunaandika vizuri mno. Kila raia akifika darasa la sita hufundishwa, kwa kitabu cha Wizara, namna moja tu ya kuanza andiko: "Ilikuwa siku ya siku. Jua lilikuwa likitabasamu upande wa mashariki, ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu, nami nilikuwa na furaha riboribo isiyokuwa na kifani." Baada ya hapo unataja haja yako kwa kifupi, kama nafasi imebaki, kisha unafunga: "Tulirudi nyumbani tukiwa hoi bin taabani lakini nyuso zetu zimejaa bashasha." Asiyeyajua hayo hapati cheti.

Ustadi huo hatuuachi shuleni. Soko la Kati lilipoanza kuungua, wafanyabiashara waliandika barua ya kuomba gari la zimamoto. Ilikuwa na jua, ilikuwa na ndege wa aina tatu, na moto wenyewe uliitwa joka lenye ndimi elfu. Kikosi cha Zimamoto kiliisoma chote kwa pamoja, baadhi ya askari wakatokwa na machozi, wakaipa alama thelathini na nane kati ya arobaini. Hakuna soko lililowahi kupata alama hizo. Karatasi ile imetundikwa mpaka leo kwenye ukuta uliobaki.

Ndivyo sheria inavyotaka. Kifungu cha tisa cha Sheria ya Maandishi kinasema kwamba andiko lenye mapambo ni insha, na insha husahihishwa. Andiko lisilo na mapambo ni taarifa, na taarifa hutekelezwa ndani ya siku ishirini na moja. Waasisi wetu waliitunga sheria hiyo siku ya pili ya uhuru, wakiwa bado wana haraka. Kwa bahati nzuri, siku ya tatu walitunga mtaala wa darasa la sita. Tangu hapo, miaka arobaini na mitano, hakuna taarifa hata moja iliyowahi kuingia serikalini, na serikali imepata utulivu wa kutosha kufanya kazi zake.

*

Mwalimu Stamili Ngondo alipelekwa Shule ya Msingi Ngomeko kufundisha darasa la sita, na kosa lake la kwanza lilikuwa kulifundisha. Haya ninayoyasimulia yamo katika jalada la uchunguzi, kwenye ushahidi wa mwalimu mkuu wake, ambao ni kurasa hamsini, sita za mwanzo zikiwa za jua.

Siku ya kwanza aliwapa watoto insha. Watoto walikuwa arobaini na wanane, na yeye akapata majua arobaini na nane, yote yanatabasamu. Kesho yake aliwatoa nje mapema, akawapanga wakiangalia mashariki.

"Haya. Nani analiona linatabasamu?"

Watoto wakakodoa macho.

"Angalieni vizuri. Ila msijiumize macho."

"Mwalimu, mimi naona limetoka tu," akasema mmoja.

"Limetokea wapi?"

"Nyuma ya choo cha walimu."

"Andika hivyohivyo. Na ndege je, wanaimba?"

Ndege alikuwepo mmoja, na hakuwa anaimba. Alikuwa anakula mahindi ya mwalimu mkuu yaliyoanikwa kwenye mkeka. Watoto wakaandika hivyo. Mwalimu mkuu alipoyapitia madaftari alitoka mbio kwenda kumfukuza yule ndege, na katika ushahidi wake anakiri, kwa aibu, kwamba katika miaka thelathini ya utumishi hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupata habari kutoka kwenye insha.

Kuanzia hapo darasa likawa na utaratibu wake. Mtoto akimaliza kuandika anamsomea jirani yake wa dawati, na kazi ya jirani ni kuuliza tu: Nani? Wapi? Halafu? Ukiandika kwamba mlikula mapochopocho, jirani anakuuliza yapi, tena hakuachi mpaka ukiri kwamba ni ugali na dagaa. Neno ambalo jirani hawezi kuliona wala kulishika linakatwa. Kelele zilikuwa nyingi, vicheko zaidi, na jalada linasema hali hiyo ilivuruga kabisa usingizi wa darasa la tano.

Dawati la nyuma alikaa Sikudhani Makolo, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye sauti ndogo na masikio makubwa. Alikaa nyuma kwa sababu kila siku alifika amechelewa. Mwaka ule mada ya Tuzo ya Taifa ya Insha ilikuwa "Shule Yangu", kila shule ilete andiko moja, na darasa zima likachagua la Sikudhani. Mwalimu Stamili alilitia kwenye bahasha bila kubadilisha hata nukta.

Bahasha ile niliifungua mimi. Naikumbuka karatasi yenyewe neno kwa neno:

"Shule yetu ina bomba moja la maji. Lilizinduliwa na Waziri mwaka juzi, mwezi wa tatu. Alikata utepe, tukapiga makofi. Siku hiyo maji yalitoka kwa sababu nyuma ya ukuta kulikuwa na pipa. Yalikwisha kabla ya hotuba. Tangu siku hiyo hayajatoka. Tulifukua tukaona. Bomba lina urefu wa hatua tatu, halafu linaishia kwenye udongo. Kila asubuhi wasichana wa darasa la sita tunateka maji korongoni. Kwenda ni saa nzima, kurudi ni zaidi kwa sababu dumu ni zito. Tukifika, kipindi cha kwanza kimekwisha. Kipindi cha kwanza ni hisabati. Mimi hisabati siijui. Tunaomba bomba liongezwe mpaka lifike kwenye maji."

Nilisoma nikahisi kitu kifuani, nikadhani ni chai. Nikagonga mhuri, nikapeleka kwa wasahihishaji.

*

Wasahihishaji wa Tuzo ni saba, wote wana kalamu za fedha, zenye wino mwekundu, walizopewa na Rais. Niliwakuta wametulia. Nusu saa baadaye nilisikia viti vinaburuzwa.

"Jua liko wapi?" aliuliza mwenyekiti wao.

"Tumelitafuta, Mwenyekiti. Hata nyuma ya karatasi halipo."

"Ndege?"

"Hakuna."

"Furaha riboribo?"

Msahihishaji mmoja mzee akavua miwani. "Hakuna hata tashbihi moja, wajameni. Hakuna msemo. Hakuna methali. Kuna dumu tu."

Walitafuta pa kuweka alama mpaka saa saba mchana. Ndipo mdogo wao, aliyesoma sheria kidogo, akasema kwamba huenda hii si insha. Huenda ni taarifa. Mwenyekiti akaomba maji ya kunywa, na kwa kuwa Wizara ina mabomba sita kila ghorofa, yakaletwa mara moja.

Bwana Fungameza, Mkurugenzi wa Mapambo, aliitwa kutoka nyumbani akiwa katikati ya chakula. Ni mtu mkubwa, mwenye suti tatu na msemo kwa kila moja. Aliisoma karatasi amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Nani alifungua bahasha hii?" akauliza.

"Mimi, Mkurugenzi."

"Na ukagonga mhuri?"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ndiyo kazi yangu."

"Tarehe?"

"Ya leo."

Akahesabu kwa vidole siku ishirini na moja, akaishiwa vidole, akaniomba vyangu.

Sheria inasema taarifa hupelekwa Idara ya Utekelezaji. Idara hiyo tunayo, mlango wake uko mwisho wa ukumbi, nyuma ya viti vya hafla. Tuliviondoa viti tukaingia. Ndani alikuwepo Mhandisi Nyambele, aliyeajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na mitano na sasa ana mvi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyomfikia, naye, kwa kuwa hapendi kukaa bure, alikuwa amefuma vitambaa vya makochi na meza zote za Wizara. Alipomaliza makochi alianza kufuma mapazia.

Bwana Fungameza akampa karatasi kana kwamba inaunguza. Mama yule akaisoma polepole. Alipofika kwenye hatua tatu akaweka chini sindano zake.

"Wanataka bomba," akasema.

"Ndivyo inavyoelekea, Bi Nyambele."

"Mimi nilisomea mabomba," akasema, na akaanza kulia, sisi tukadhani ni kwa hofu.

*

Lakini serikali haiwezi kutekeleza jambo kwa sababu tu limeandikwa. Ikianza leo na bomba, kesho kila mtu atataka. Kwa hiyo Bwana Fungameza alibuni njia ya hekima: msafara wa magari tisa uende Ngomeko kumwomba mtoto aongeze pambo moja. Pambo moja tu, na taarifa itarudi kuwa insha, itasahihishwa vizuri, na nchi itapumua. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mhuri.

Tulifika saa nne. Sikudhani ndiyo kwanza anaingia uwanjani na dumu lake la lita kumi kichwani, kanga imelowa begani. Bwana Fungameza alimpokea kwa mikono miwili, akaanza hotuba.

"Binti yangu, ua la taifa, lulu ya kesho! Sisi wazee wako, kwa moyo mkunjufu usio na kunjo, tumevuka mito na mabonde…"

"Shikamoo," akasema Sikudhani.

"Marahaba, marahaba. Mwanangu, insha yako ni nzuri. Ina upungufu mdogo sana. Tunataka uweke neno 'kama'. Bomba letu ni kavu kama… halafu hapo umalizie wewe mwenyewe. Umeelewa?"

"Kama nini?"

"Chochote! Uhuru kamili wa ubunifu!"

Msaidizi wake akateremsha zawadi kwenye gari: begi jipya, viatu, katoni ya biskuti na picha ya Waziri. Watoto wa darasa la sita walikuwa wamejaa madirishani, na biskuti ziliwaingia machoni. Mimi nilijua Sikudhani ataandika. Hata mimi ningeandika, tena kwa nusu ya katoni.

Sikudhani aliteremsha dumu lake akamgeukia mwalimu wake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na chaki mkononi.

Hapo Bwana Fungameza akashusha sauti, lakini si sana. "Na usipoandika, mwanangu, itabidi Mwalimu Stamili ahamishwe. Mbali. Kule ambako hata sisi hatuna ramani yake."

Nilimwona mtoto yule midomo inamcheza, na nitasema wazi kwamba niliona aibu, mimi mtumishi wa miaka kumi na tisa, kusimama pale na mhuri wangu. Mwalimu huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemsomea kazi yake mpaka mwisho.

"Mwalimu, nifanyeje?" aliuliza.

Mwalimu Stamili alikuja akachuchumaa mbele yake. "Usiniangalie mimi, Siku. Liangalie bomba. Andika unachokiona, basi. Mimi nitapanga mizigo yangu au sitapanga, hiyo ni kazi yangu."

Sikudhani akaomba kalamu. Akaketi juu ya dumu, akaliangalia bomba muda mrefu. Akaanza, akafuta. Akamwita jirani yake wa dawati, wakanong'onezana, jirani akauliza "Wapi?" na "Lini?" Bwana Fungameza alikuwa anajipepea kwa karatasi ya hotuba. Mwishowe mtoto alisimama akasoma kwa ile sauti yake ndogo:

"Bomba letu ni kavu kama…"

"Kama!" alipiga kelele Bwana Fungameza. "Amesema kama! Karani, gonga! Gonga haraka!"

Nikagonga. Msafara wote ukapiga makofi, madereva wakapiga honi, msaidizi akaanza kugawa biskuti, na watoto, ambao hawakuwa wajinga, wakazipokea zote. Makofi yalipopungua, Sikudhani akaendelea pale alipokuwa ameishia, maana alifundishwa kumaliza sentensi.

"…kama bomba la Shule ya Msingi Mapwerele, ambalo lilizinduliwa wiki moja baada ya letu, kwa pipa lilelile. Binamu yangu anasoma huko. Nao wanateka maji korongoni."

Bwana Fungameza alibaki na mikono hewani. Mimi nilikuwa napuliza wino ukauke.

*

Kamati ya Dharura ilikaa siku tatu kuamua kama lile lilikuwa pambo. Walileta kamusi, walileta wazee wa lugha, walileta chakula cha mchana cha watu mia mbili. Mwanasheria wa Wizara alisimama siku ya tatu, amechoka, akaeleza kwamba kwa mujibu wa kanuni pambo ni maneno yanayoongeza utamu bila kuongeza habari. "Waheshimiwa," akasema, "haya yameongeza habari. Tena ni kweli, nimempigia simu mwalimu wa Mapwerele. Hapa hatuna pambo. Hapa tuna taarifa ya pili, na imegongwa mhuri mbele ya mashahidi wa magari tisa."

Waziri mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Alifikiri kwa uzito unaofaa cheo chake, kisha akatoa maamuzi mawili: taarifa zitekelezwe, kwa kuwa sisi ni nchi ya sheria, na mwalimu ahamishwe, kwa kuwa sisi ni nchi yenye nidhamu.

Mhandisi Nyambele hakusubiri kikao kifungwe. Alikwenda Ngomeko na mafundi wanne na mapazia yote aliyofuma, akayauza njiani kununua mafuta ya gari. Alichimba mtaro yeye mwenyewe, kanga kiunoni, akiimba, na ukimuuliza kama hajachoka anakwambia alipumzika miaka ishirini na miwili. Siku ya kumi na sita, saa mbili kasoro dakika chache asubuhi, bomba la Ngomeko lilikohoa, likatema tope, likatema mjusi, kisha likatoa maji. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanatafuta ndoo.

Waziri alipofika mchana kulizindua upya alikuta foleni. Alisoma hotuba yake ya kurasa kumi na moja, na mama mmoja akamwomba asogee kidogo, amekanyaga mfuniko wa ndoo.

Kesho yake asubuhi Sikudhani alikuwa darasani, kipindi cha kwanza, dawati la mbele. Jaribio lake la kwanza la hisabati alipata saba kati ya hamsini. Mwezi uliofuata alipata ishirini na tisa. Nilizikuta alama hizo kwenye ripoti ya shule, nikawasomea wenzangu wa masijala kwa sauti, na sioni haya kusema tulicheza.

*

Mwalimu Stamili alihamishwa. Watoto wa Ngomeko walimsindikiza mpaka barabarani, wengi wanalia, na yeye pia, wakimuuliza maswali yaleyale: wapi, kwa nani, halafu? Alipelekwa Wilaya ya Kusini Kabisa, shule isiyo na madirisha, ili akajifunze.

Miezi miwili baadaye nilifungua bahasha kutoka Kusini Kabisa. Zahanati yao ina bango la dawa, haina dawa. Mistari minane, jua hamna. Nikagonga. Wizara ikaghadhabika, ikamhamishia Magharibi ya Mbali. Kutoka Magharibi likaja daraja lenye nguzo upande mmoja. Wakamhamishia visiwani, na visiwani wakaandika kuhusu kivuko. Adhabu yetu kubwa kwa mwalimu ni uhamisho, nyingine hatuna, hivyo kila alipokosa waliitoa tena, kwa ukali zaidi na kwa umbali zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amekaa katika wilaya saba, na Idara ya Utekelezaji ilikuwa na mafundi sitini. Mezani kwangu kitambaa kimechakaa, na hakuna wa kufuma kingine.

Ndipo Waziri akafikia uamuzi wa mwisho. "Mwanamke huyu ni hatari akiwa mbali," akatangaza. "Mleteni hapa nimwone kwa macho yangu mwenyewe." Akapangiwa shule bora ya mji mkuu, ile yenye bustani, wanakosoma watoto na wajukuu wa viongozi. Darasa la sita. Barua ya uhamisho niligonga mimi, kwa mikono miwili.

Juzi asubuhi imeingia bahasha kutoka shule hiyo. Karatasi ni nzuri, nene, ina mistari ya dhahabu pembeni. Mwandishi ni msichana wa miaka kumi na mmoja, na jina lake la mwisho ni la Waziri. Mada ni "Kazi ya Babu Yangu".

"Babu yangu ni Waziri. Anaamka saa nne. Anaondoka na magari matano na anarudi nayo yote matano. Jana nilimuuliza, babu, leo umefanya nini? Akanieleza muda wa nusu saa. Jirani yangu wa dawati aliniuliza babu alisema nini, sikuwa na cha kumjibu. Nilimuuliza bibi, naye hajui. Babu ana nguvu, jana alibeba kreti mbili za soda. Mimi naona apewe kazi."

Nilisoma mara mbili, nikitafuta pambo lolote la kumwokoa mheshimiwa. Sikuliona. Nikagonga mhuri, nikavuka ukumbi mpaka Idara ya Utekelezaji. Mhandisi Nyambele alikuwa anajiandaa kwenda kuchimba mtaro wa wilaya ile ya saba, uliokuwa umebakiza mita mia nne. Akaisoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni. Kisha akachukua sepetu mbili badala ya moja, akapanda ngazi kwenda kumgongea Waziri mlango.